Kumtafuta mzee aliyefungua njia ya ukoo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Karibu kila ukoo una mtu mmoja anayetajwa kuwa ndiye wa kwanza: aliyefyeka pori, aliyeshuka na msafara, aliyebatizwa kabla ya wengine, aliyekuja na reli. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila watu wanapokaa kumtafuta. Majibu yanaegemea zaidi Tanzania na Kenya, kwa kuwa ndiko familia nyingi za wasomaji wa Kiswahili zinakoanzia kutafuta.

## Kabla ya kugusa nyaraka

1. Nani anahesabiwa kuwa mwanzilishi?

Ni yule ambaye bila yeye ukoo wenu ungekuwa mahali pengine. Kwa Wakikuyu ni mzee aliyefyeka msitu akaacha mbari inayoitwa kwa jina lake. Kilimanjaro ni aliyeanza kihamba, yaani shamba la ukoo. Mombasa au Masasi anaweza kuwa mtu aliyeokolewa utumwani akalelewa misheni. Kisumu anaweza kuwa fundi aliyeshuka na reli. Si lazima awe mtu mkubwa. Wengi wao walikuwa vijana wasio na kitu, na ndiyo sababu waliondoka kwao.

Shika jambo moja tangu sasa, maana majibu mengi hapa chini yanalitegemea: ni nadra sana mtu kuja peke yake. Simulizi humkuza mmoja na kuwasahau wenzake wa safari. Ukiwapata wenzake, huyo wako atajitokeza.

2. Sina karatasi yoyote. Nianzie wapi?

Anza na wewe mwenyewe, kisha panda kizazi kimoja kimoja. Kwa kila mtu andika jina lake, baba yake, mama yake, alikozaliwa, alikooa au kuolewa, na alikozikwa. Usimrukie mzee wa mwaka 1870 wakati hujui babu yako alizaliwa wapi. Wanaoruka hivyo humpata mtu wa watu wengine mwenye jina linalofanana.

Halafu fungua masanduku ya nyumbani. Watu husema hawana karatasi, kumbe kuna kipande (kitambulisho cha kazi) cha babu, kadi ya TANU, risiti za kodi ya kichwa, cheti cha ndoa, au daftari la rambirambi la msiba wa zamani lenye majina ya ndugu wote na vijiji vyao. Tazama pia kurasa za mwanzo na za mwisho za msahafu au Biblia ya familia. Wazee wengi waliandika humo tarehe za kuzaliwa watoto.

3. Mzee nimwulize nini?

Usimtake majina mara tu baada ya shikamoo. Orodha ya majina humchosha na humtia hofu ya kukosea mbele ya vijana. Anza na mahali: mlikuwa mkiteka maji wapi, jirani wa upande wa magharibi alikuwa nani, nani alimchumbia nani, njaa ile mlikimbilia kwa nani. Majina yatakuja yenyewe, tena na ndugu zao. Mwombe ruhusa ya kurekodi, na kama anapenda kuzungumza akiwa na mwenzake wa rika, waite wote wawili. Wakibishana, nyamaza usikilize. Ubishi wa wazee wawili hutoa habari ambazo maswali yako hayangezitoa.

Rudi tena baada ya majuma machache umwulize yaleyale. Kilichobadilika kiwekee alama, usikifute.

4. Wazee wetu wote wamekwisha. Je, mlango umefungwa?

Hapana, ila itabidi utoke nje ya ukoo. Watani walikuwa wakihudumu misibani, hivyo wanajua nani alizikwa wapi na kwa nini. Familia ya mtu aliyechanjiana udugu na babu yako inaweza kuwa na simulizi ya safari yenyewe. Shangazi walioolewa mbali waliondoka na habari ambazo nyumbani zilisahaulika, na wajukuu wao wanazo. Ujombani kwa babu pia ni mahali pazuri, kwa sababu ndugu wa mke hukumbuka vizuri mgeni aliyekuja kuoa kwao alitokea wapi.

## Miaka na majina

5. Nitajuaje alizaliwa mwaka gani?

Kwa kumfungia kwenye tukio. Sotoka iliyomaliza ng'ombe ilipita mwanzoni mwa miaka ya 1890. Njaa kubwa ya 1898 hadi 1900 Wakikuyu waliiita Ng'aragu ya Ruraya na Wakamba Yua ya Ngomanisye. Ugogo kulikuwa na Mtunya mwishoni mwa vita vya kwanza vya dunia. Vita vya Maji Maji vilikuwa 1905 hadi 1907, homa kali ya mafua 1918, na nzige wanakumbukwa sana mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mzee akisema "baba alikuwa anachunga mbuzi wakati wa Maji Maji", una mtoto aliyezaliwa kati ya 1893 na 1900 hivi.

Rika za tohara husaidia zaidi pale zinapohesabiwa, lakini angalia: kwa Wanandi na Wakipsigis majina ya rika huzunguka, na jina lilelile hurudi baada ya karne moja hivi. Hati ya Kiarabu yenye mwaka wa Hijra usiigeuze kwa kujumlisha namba ileile kila mara, kwa kuwa mwaka wa Hijra una siku 354 au 355. Kwa kukadiria, mwaka 1290 ulianza Machi 1873 na mwaka 1300 ulianza Novemba 1882.

6. Simulizi inasema alikuja zamani sana, lakini vizazi ninavyohesabu ni vitatu tu. Kosa liko wapi?

Hapa ndipo familia nyingi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kumbukumbu ya ukoo ni nzito kwenye ncha mbili. Inamshika mwanzilishi, inawashika watu ambao walio hai waliwaona kwa macho, na katikati inapungua. Waliolima, wakazaa, wakafa bila kisa cha kusimuliwa huanguka kimyakimya, na mwana wa kitukuu anageuka kuwa mwana wa mwanzilishi mwenyewe. Piga hesabu ya kawaida: ukiwa umezaliwa 1990, na kila kizazi kikichukua miaka 25 hadi 30, baba wa babu yako anaangukia kati ya 1900 na 1915. Mtu aliyekuwa kijana wakati mmisionari Krapf anafika Mombasa mwaka 1844 hawezi kuwa huyo. Juu yake kuna watu wawili, au hata watatu, ambao hamjawataja.

Sababu ya pili ni kurithi majina. Mjukuu wa kwanza akipewa jina la babu yake, na mjukuu wake naye akapewa hilohilo, baada ya miaka mia mnabaki na mtu mmoja aliyeishi miaka 140, aliyepigana na Wamasai na pia aliyelipa kodi kwa Mwingereza. Mgawanye. Andika kila tendo kwenye mstari wake pamoja na kadirio la mwaka, na watu wawili au watatu watajitenga mbele ya macho yako. Uliza pia majina ya wake: bibi hachanganywi kirahisi, kwa sababu kila tumbo linamkumbuka wa kwake.

Ukoo unaweza kukukasirikia kwa kumkatakata mzee wao. Vumilia.

7. Jina lake limeandikwa kwa namna nyingi. Lipi ni sahihi?

Yote, kwa mwandishi wake. Karani Mjerumani aliandika sauti zetu kwa herufi za kwao: Bagamojo, Udschidschi, Muansa. Kwa hiyo Juma anaweza kuwa Dschuma, na jina lenye "ch" likaandikwa kwa "tsch". Mwingereza naye aliandika alivyosikia. Nyaraka za Kiswahili cha zamani kwa hati za Kiarabu nazo zina wasomaji wa aina zao, maana herufi moja inaweza kusomwa "p" au "b". Lisome jina kwa sauti kabla ya kulikataa.

Tofautisha pia jina la kuzaliwa na majina ya baadaye. Mtu mmoja anaweza kuwa na jina la nyumbani, jina la jando, jina la msafara na jina la ubatizo. Kumbukumbu tofauti zitamtaja kwa majina tofauti bila kuunganisha.

## Nyaraka zilipo

8. Je, nitapata cheti chake cha kuzaliwa?

Kwa mtu wa karne ya 19, hapana. Kenya ilianza kusajili vizazi vya Wazungu 1904 na vya Waasia 1906, na usajili haukuenea nchi nzima hadi 1971. Tanganyika nayo haikuwa na usajili wa Waafrika wote enzi za ukoloni. Cha kutafuta ni karatasi za kodi, kazi, ubatizo, ndoa na mirathi. Kenya kuna pia kipande, ambacho sheria yake ilitungwa 1915 na kuanza kutumika baada ya vita: kilibeba jina, kabila, alama za vidole na rekodi ya waajiri.

9. Vitabu vya ubatizo vina nini cha maana?

Mengi kuliko watu wanavyodhani. Mbali na jina jipya, mara nyingi kuna jina la zamani, umri wa kukadiria, kijiji, wazazi na wasimamizi. Kwa Wakatoliki, ndoa ya mtu huandikwa pembeni mwa kumbukumbu ya ubatizo wake hata kama alifunga ndoa parokia ya mbali. Mstari huo mdogo wa pembeni ndio unaoonyesha alikohamia.

Soma ukurasa mzima. Waliobatizwa siku moja naye ndio wenzake niliokwambia katika swali la 1, na msimamizi wake pengine ndiye aliyemtangulia kufika. Kitabu kisipokuwepo parokiani, uliza jimboni au dayosisi. Barua na taarifa za wamisionari ziko nje: za CMS (misheni ya Kianglikana ya Uingereza) ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, za UMCA (nayo ya Kianglikana) ziko Oxford, za Misheni ya Leipzig (Walutheri wa Ujerumani) ziko Halle, na za White Fathers (mapadre Wakatoliki) ziko Roma. Sehemu ya picha za misheni imewekwa kwenye intaneti bure.

10. Sisi ni Waislamu wa pwani. Tutafute wapi?

Mirathi kwanza. Kadhi hawezi kugawa mali bila kujua warithi wote, hivyo faili moja la mirathi linaweza kukupa wake, watoto wa kike na wa kiume, na ndugu walioko ng'ambo. Baada yake wakfu: hati ya wakfu wa msikiti au shamba hutaja aliyeweka na kizazi chake. Pwani ya Kenya, sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wathibitishe madai yao ya ardhi, na wengi walithibitisha kwa kueleza walirithi kutoka kwa nani. Kwa familia zilizohamia Oman baada ya 1964, waulize walioko Muscat kuhusu karatasi walizoondoka nazo. Mara nyingi zimo ndani ya sanduku la bibi mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumwuliza.

11. Nyaraka za Taifa zinanisaidiaje, na nijiandae vipi?

Nyaraka za Taifa za Kenya ziko Moi Avenue, Nairobi. Za Tanzania Bara ziko Dar es Salaam, na za Zanzibar ziko Kilimani. Usiende na jina la babu tu, kwa sababu mafaili hayakupangwa kwa ukoo. Nenda na wilaya, miaka, na jambo: kesi za mahari, uteuzi wa jumbe au chifu, madai ya mipaka, kodi ya nyumba. Babu yako anaweza kuwa shahidi katika kesi ya mtu mwingine.

Mafaili ya Kijerumani yaliyoko Dar es Salaam, ambayo UNESCO iliyaingiza katika Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, mengine yameandikwa kwa mwandiko wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo husoma kwa taabu. Piga picha uliporuhusiwa, utafute msomaji baadaye.

12. Inasemekana alikuwa mpagazi wa Livingstone au Stanley. Nitathibitishaje?

Kwa uangalifu, kwa kuwa wanaodai hivyo ni wengi kuliko waliokuwepo. Habari njema ni kwamba majina mengi yaliandikwa. Stanley alichapisha majina ya watu wa safari yake ya 1874 hadi 1877, waliokufa na waliorudi, na karatasi zake zimehifadhiwa Tervuren, Ubelgiji. Waliobeba mwili wa Livingstone mwaka 1873 na 1874 kutoka kijiji cha chifu Chitambo, Zambia ya leo, hadi Bagamoyo walitengenezewa medali na Royal Geographical Society ya London. Chuma na Susi ndio wanaojulikana, lakini hawakuwa peke yao.

Jina moja halitoshi. Orodha hizo zimejaa akina Mabruki, Juma na Feruzi. Unahitaji kitu cha pili kinachokutana nacho: medali yenyewe, mwenza aliyeandikwa pia, au mahali alipolipwa. Kama simulizi inamtaja Stanley tu bila kumtaja nahodha wa msafara au mwenzake hata mmoja, mimi huiwekea alama ya kuuliza.

13. Je, kama alikuwa askari au kariakoo?

Wabebaji wa vita vya 1914 hadi 1918 walikufa kwa makumi ya maelfu, na majina ya wengi hayakuandikwa kwenye jiwe lolote. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebaki na jina la kikosi chao, Carrier Corps. Sanamu ya askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, inawaahidi kwamba wakifa watoto wao watalikumbuka jina lao. Waliopewa kazi ya kuliandika hawakuliandika. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri upungufu huo katika taarifa ya 2021. Kanzidata yake haina malipo, kwa hiyo itafute, ila kutomwona humo si ushahidi kwamba hakwenda.

Kwa Wanubi wa Kibera na kwingineko, anza na kikosi, maana makazi yao yalifuata jeshi.

14. Alikuja na reli kutoka India.

Reli ilianza Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901. Wafanyakazi walioletwa kutoka India walikuwa takriban 32,000, na waliobaki baada ya mikataba kwisha ni zaidi kidogo ya 6,700. Basi familia nyingi za Kihindi za Afrika Mashariki zilitokana na wafanyabiashara waliokuja kwa nauli yao wenyewe, hata kama siku hizi wote wanasema "reli". Angalia kwanza kumbukumbu za jamatini, hekaluni, gurdwara au msikiti wa jumuiya yenu.

15. Mbari yetu ilifyeka msitu wa Kiambu au Murang'a. Kuna maandishi?

Yapo, tena mazuri. Tume ya ardhi iliyoongozwa na Carter ilisikiliza madai mwaka 1932 na 1933, na ushahidi wake ulichapishwa. Ndani yake mbari mbalimbali zinaeleza nani aliinunua au kuifungua ardhi na nani alirithi. Kumbuka tu kwamba waliokuwa wakisema walikuwa wakidai ardhi, na mwenye kudai huurefusha ukoo.

## Vipimo na mitandao

16. Kipimo cha DNA kitanionyesha mwanzilishi?

Hakitakupa jina. Kitakuonyesha mstari wa baba kwa wanaume, mstari wa mama kwa wote, na jamaa waliopimwa kampuni hiyohiyo. Waafrika Mashariki waliopimwa bado ni wachache, kwa hiyo zile asilimia za makabila zichukue kama makisio. Kipimo kina nguvu unapokuwa na swali mahususi: je, milango hii miwili inayodai mzee mmoja ina baba mmoja? Mwanamume mmoja kutoka kila mlango, wote wa mstari wa baba, wanatosha kuanzia.

Kwa wanaojiita Washirazi, utafiti wa 2023 uliopima mifupa ya watu 80 wa kale, wengi wao kutoka miji ya pwani, ulikuta mchanganyiko ulioanza karibu mwaka 1000: upande wa mama karibu wote ni wa Kiafrika, na sehemu kubwa ya upande wa baba ni ya Asia, hasa Uajemi. Wazee hawakuwa wanatunga, ila walizoea kumtaja baba tu (tazama swali la 18).

Jitayarishe pia kwa habari ambayo hukuiomba. Baba asiye baba hujitokeza, na aliyepima hawezi kurudisha siri ndani.

## Mambo magumu

17. Inaelekea mwanzilishi wetu alikuwa mtumwa. Niendelee?

Endelea, lakini usilitangaze kwenye kikao cha ukoo kabla ya kuzungumza faragha na wazee. Wengine wamelijua maisha yao yote na wakachagua kunyamaza kwa ajili ya ndoa za watoto wao.

Kwa upande wa nyaraka, ajabu ni kwamba walioachwa huru wakati mwingine wameandikwa kuliko waungwana. Soko la Zanzibar lilifungwa 1873. Utumwa ulipoteza nguvu ya kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya 1907, na Tanganyika 1922, na kila hatua iliacha karatasi. Frere Town, iliyoanzishwa na CMS ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa mwaka 1875, ilipokea watu waliookolewa baharini pamoja na Waafrika waliosomeshwa Nasik, India. Mmoja wao, William Jones, alipewa daraja la kanisa mwaka 1885 na mwaka huohuo akafuatana na Askofu Hannington katika safari ambayo askofu hakurudi. Masasi ilianzishwa 1876, Askofu Steere alipowachukua watu walioachwa huru kutoka Zanzibar. Ilipovamiwa na Wangoni mwaka 1882, baadhi yao walitawanyika na misheni ikahamia Newala. Kwa hiyo familia isiyopatikana Masasi itafutwe Newala.

Kabila lililoandikwa kwenye kitabu cha misheni lichukue kwa tahadhari. "Mnyasa" alikuwa mtu yeyote wa upande wa Ziwa Nyasa, na mtoto aliyetekwa akiwa na miaka sita alijua jina la mto wa kwao kuliko la kabila. Mto huo, au wimbo wa kubembeleza mtoto uliobaki kwenye familia, unaweza kukufikisha mbali zaidi.

18. Mbona mwanzilishi ni mwanamume kila mara?

Kwa sababu aliyeulizwa alikuwa mwanamume. Mgeni asiye na ardhi alipata makao kwa kuoa, na mwenye mahali alikuwa mkwe. Uliza: alifikia kwa nani, na alioa binti ya nani? Katika jamii zinazohesabu upande wa mama, kama Wamakua, Wayao na Wamwera, swali lenyewe linapaswa kugeuzwa: tafuta bibi, kisha kaka yake.

19. Kijiji cha zamani hakipo tena. Makaburi nitayapataje?

Tanzania watu wengi walihamishwa kati ya 1973 na 1976 wakati wa Operesheni Vijiji, na makaburi yakabaki mahameni. Tafuta miembe, mibuyu, mawe ya mafiga na jina la mahali linalotumiwa na wachungaji wa leo. Ramani za kabla ya 1970 huonyesha vijiji ambavyo havipo tena. Nenda na mwenyeji, na umwone mwenyekiti wa kijiji kwanza. Mgeni anayepima ardhi kwa simu huulizwa maswali, na ni haki yao.

20. Ukoo mwingine unasema wao ndio walitangulia.

Pengine mlifika pamoja. Linganisheni majina ya wake, rika na njaa za swali la 5 kabla ya kugombana. Nimeona "waanzilishi" wawili wakiishia kuwa mtu na shemeji yake, na kila upande ulikuwa umeshika nusu ya kisa.

21. Nikithibitisha, naweza kudai ardhi yake?

Mti wa ukoo si hati ya kumiliki. Tanzania ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na ya kijiji inaendeshwa kwa sheria ya 1999. Kenya utapitia sheria ya urithi na rejista ya ardhi. Kwa hayo mwone wakili. Kikao cha kumtafuta babu na kikao cha shamba viwe siku tofauti, kwa kuwa mzee akinusa harufu ya ekari hatataja jina hata moja zaidi.